Mlango Usiovuma

Wahenga walinena kuwa debe tupu haliachi kuvuma. Methali hiyo hurushiwa watu wenye maneno mengi na matendo haba, na ni nadra mtu kuikumbuka akiwa safarini. Hata hivyo, mlango wa gari ni debe tupu katika maana ya kawaida kabisa ya neno hilo. Una bati jembamba upande wa nje, bati jingine lenye matundu upande wa ndani, na baina yake uwazi ambamo kioo hushuka na kupanda. Ukiligonga bati la nje kwa kifundo cha kidole, linalia kama debe la mafuta lililokwisha kumwagwa. Gari dogo lina madebe manne ya namna hiyo, nayo barabara huyagonga bila kupumzika tangu safari inapoanza hadi inapokwisha.

Mwalimu mmoja wa Kiswahili katika shule ya upili mjini Kericho aliifundisha methali hiyo kwa miaka mingi kabla ya kuitambua katika gari lake mwenyewe. Lilikuwa gari kuukuu, lililopitia mikononi mwa wenyewe watatu kabla yake. Kila mwezi alilitumia kwa safari moja asiyoweza kuikosa. Alitoka Kericho hadi Litein kumchukua mamake, kisha wakapitia Kapkatet na Kaplong hadi Bomet, ambako mama alihudhuria kliniki ya shinikizo la damu na kumjulia hali nduguye mdogo. Njia yenyewe hupanda na kushuka baina ya mashamba ya chai na mistari ya mikalitusi inayopandwa ili kutoa kuni za viwandani. Ni safari ambayo mtu angetamani idumu, hasa kwa mwana anayemwona mamake mara moja kwa mwezi. Lakini Mwalimu na mamake hawakuwa wakizungumza humo garini. Walikuwa wakipigiana kelele.

"Ati?" mama aliuliza.

Mwalimu alirudia kwa sauti ya juu. Mama alitikisa kichwa kama aliyesikia, na mazungumzo yakafia hapo. Baada ya Kapkatet wote wawili walinyamaza, wakaiachia barabara iseme.

Kelele ya barabara haina chanzo kimoja. Gari linapokwenda polepole, injini ndiyo inayosikika zaidi. Likipita mwendo wa kama kilomita 50 kwa saa, matairi huinyang'anya injini usemi. Tairi hugonga kila kokoto iliyojitokeza juu ya lami, na hewa inayobanwa katika mifereji yake hufyatuka tena inapoachiliwa. Barabara iliyomwagiwa lami na kutandazwa kokoto juu yake hunguruma kuliko ile iliyoshindiliwa lami laini. Mtetemo huo hupanda kupitia magurudumu na springi hadi kwenye bodi, na mabati mapana ya milango huupokea kama ngozi ya ngoma. Aidha, sauti nyingine huingia moja kwa moja kupitia vioo, sakafu, na nyufa za raba zilizochakaa pembezoni mwa milango. Sehemu kubwa ya kelele hiyo ni mvumo wa chini, na mvumo wa namna hiyo una tabia ya kuzifunika sauti zilizo juu yake. Ndiyo maana abiria husikia kwamba mwenziwe anasema kitu, asijue ni kitu gani.

Mwalimu aliamua kuizima kelele hiyo kwa mikono yake. Wakati wa likizo moja alifungua skrubu za milango minne, akatoa kava za ndani, akakuta karatasi ya nailoni iliyogandishwa juu ya matundu ya bati. Hakujua kazi yake, akaibandua na kuitupa. Kisha akachukua sponji ya godoro kuukuu, akaikata vipande na kuishindilia ndani ya milango hadi ikajaa. Mahali palipobaki wazi alipaka lami ya kuzibia paa. Vitobo vidogo vilivyokuwa chini kabisa ya kila mlango aliviona kuwa mianya ya kuingizia kelele, navyo akaviziba kwa bidii ileile. Kwa siku chache gari lilitulia kidogo, na Mwalimu akajipongeza.

Alisahau anakoishi. Kericho hupata karibu milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, na mvua ya mawe hunyesha huko mara nyingi kuliko katika sehemu nyingi za dunia. Mawingu yanayojikusanya upande wa Ziwa Victoria na juu ya msitu wa Mau humwaga mvua mchana, mara kwa mara baada ya saa nane. Maji hayo huteremka juu ya kioo, hupenya kwenye ukingo wa raba, na kuingia ndani ya mlango. Hivyo ndivyo mlango wa gari ulivyoundwa. Maji yanapaswa kuingia, yateremke nyuma ya ile karatasi ya nailoni bila kuwalowesha abiria, kisha yatoke kwa vile vitobo vya chini. Katika milango ya Mwalimu maji yaliingia, yakanywewa na sponji, yakakosa pa kutokea. Baada ya miezi miwili gari lilinuka kama nguo iliyosahauliwa ndani ya karai. Kila alipokata kona, maji yalisikika yakipiga huku na huku mlangoni. Upande wa mama, bati la chini lilikuwa limeanza kuota kutu.

Alipolipeleka kwa fundi wa jua kali mjini, fundi aliinama, akagusa kingo za chini za milango kwa vidole, akacheka kwa upole.

"Mwalimu, maji ya mvua huwezi kuyakataza kuingia mlangoni," alisema. "Wewe yaonyeshe tu pa kutokea."

Fundi alianza kwa kutoa kila kitu kilichotiwa humo. Alizibua vitobo, akakwangua lami na kutu, akaosha bati kwa spiriti ili lisibaki na mafuta wala vumbi. Baadaye alitoa vipande vya raba laini ya kunata vyenye alumini upande mmoja. Alivibandika ndani ya bati la nje na kuvikandamiza kwa kigurudumu kidogo hadi hewa yote ikatoka. Mwalimu alitaka bati lote lifunikwe. Fundi alikataa, akaeleza kuwa katikati ya bati ndiko kunakotetema zaidi, na kwamba nusu ya eneo, hata chini ya hapo, hutosha kulinyamazisha. Raba hiyo haizuii sauti kama ukuta. Hujinyonga pamoja na bati linapotetema, na katika kujinyonga huko nguvu ya mtetemo hugeuka kuwa joto dogo lisilohisika. Alipomaliza mlango mmoja alimwita Mwalimu aje augonge. Ule mlio wa debe ulikuwa umekwisha. Palisikika kishindo kifupi, kizito, kama cha kugonga kiazi.

Hatimaye matundu makubwa ya bati la ndani yalifunikwa, karatasi mpya ya nailoni ikarejeshwa mahali pake, na sponji ya aina isiyonywa maji ikawekwa nyuma ya kava. Raba zilizochakaa pembezoni zilibadilishwa. Fundi hakumficha kuwa kazi ya milango ina mpaka wake: sakafu, matao ya magurudumu na matairi yaliyokwisha vitaendelea kuvuma. Lakini sikio halihitaji ukimya kamili ili lipate nafuu. Kupungua kwa desibeli 10 hulifanya sikio la kawaida lihisi kuwa kelele imepungua kwa nusu, na hata pungufu ya hapo humwezesha mtu kuzungumza bila kukaza shingo.

Mwezi uliofuata Mwalimu alimchukua mamake Litein. Walipofika kwenye mteremko wa kwanza, mama aliugusa mlango kwa kiganja, akatabasamu.

"Kongoi, mwanangu. Leo gari limelala."

Walizungumza Kipsigis, kama walivyozoea. Hata hivyo, kama ilivyo desturi ya wengi nchini Kenya, saa na tarehe walizitaja kwa Kiswahili. Karibu na Kapkatet Mwalimu alimwambia mamake kuwa wangeondoka Bomet saa sita.

"Saa tisa?" mama alishangaa. "Mvua itatukuta njiani."

"Sita, Mama."

"Nimesikia. Tisa."

"Mama, sita. Si tisa."

"Ndiyo, tisa. Kwani mimi nimesemaje?"

Mwalimu alipunguza mwendo. Katika gari lile la zamani angerudia kwa kupiga kelele, kisha angeilaumu barabara. Sasa barabara haikuwa na la kulaumiwa. Sauti yake ilikuwa wazi, mama alikuwa umbali wa mkono mmoja, naye alikuwa amesikia irabu mbili tu, /i/ na /a/, na kuzijazia konsonanti kwa kukisia.

Mwanafunzi wa fonolojia ataliona jambo hili upesi. Maneno "sita" na "tisa" si jozi ya mlinganuo finyu kwa maana kamili, kwa kuwa /s/ na /t/ zimebadilishana nafasi tu. Irabu zake ni zilezile, kwa mpangilio uleule, na mkazo uko mahali pamoja. Irabu hutamkwa kwa nguvu, na sehemu kubwa ya nguvu hiyo imo katika masafa ya chini. Sauti kama /s/, kwa upande wake, ni mkwaruzo hafifu wa hewa, na nguvu yake nyingi imo juu ya hezi 4,000. Sikio linaloharibiwa na kelele huanza kupoteza uwezo wake papo hapo, katika masafa yaliyo baina ya hezi 3,000 na 6,000. Mtu wa namna hiyo hawi kiziwi kwa jinsi watu wanavyomfikiria kiziwi. Husikia mlango ukifungwa, husikia ng'ombe akilia, huitika akiitwa jina. Kinachompotea ni kingo za maneno, na akibaki na irabu peke yake huielewa nusu ya sentensi na kuibuni nusu nyingine.

Isitoshe, lugha zenyewe hazimtendei sawa msikilizaji huyo. Kipsigis, kama lahaja nyingine za Kikalenjin, ina konsonanti chache na kikwamizo kimoja tu cha asili, /s/. Sehemu kubwa ya maana huibeba katika toni na katika urefu wa irabu, mambo ambayo marehemu Taaitta Toweett, mwanasiasa na mwanaisimu wa jamii hiyo, aliyashughulikia katika uchambuzi wake wa Kikalenjin uliochapishwa mwaka 1979. Kiswahili hakina toni ya kileksika, tena kina vikwamizo vingi: /f/, /v/, /th/, /dh/, /s/, /z/, /sh/, /gh/, /h/. Yamkini ndiyo sababu mama aliweza kuzungumza na majirani zake kijijini bila mtu kushuku kitu, lakini akapotea katika Kiswahili cha kliniki.

Hapo ndipo Mwalimu alipokumbuka jambo lililomfanya asimamishe gari kando ya barabara. Mwaka 2021 mama alikuwa amemweleza kwa simu kuwa angetakiwa kliniki tarehe tisa. Siku hiyo walipofika Bomet, kadi ilionyesha tarehe sita. Dawa zilikuwa zimemwishia tangu siku hiyo, na kwa siku tatu alikuwa hajameza hata kidonge kimoja. Shinikizo la damu lilikuwa limepanda kiasi cha kumfanya muuguzi amwite daktari. Wakiwa njiani kurudi, Mwalimu alimkaripia mamake, kwa sauti ya juu kwa sababu ya kelele ya gari: "Mama, siku hizi unasahau sana!" Mama hakujibu. Tangu hapo familia nzima ilikubaliana kuwa uzee umeanza kumwondolea kumbukumbu, na wajukuu wakawa wanamsaidia kumalizia sentensi zake. Kumbe kumbukumbu yake ilikuwa timamu. Alikuwa ameikumbuka barabara tarehe aliyoisikia.

Pale kando ya barabara, injini ikiwa imezimwa, Mwalimu alimgeukia mamake na kumtazama usoni. Alitamka tena neno lile, polepole. Mama aliutazama mdomo wake.

"Ah, sita," akasema. "Ulikuwa hunitazami."

Kisha mama alieleza jambo ambalo mwanawe hakuwahi kuliuliza. Kabla ya kustaafu alikuwa amefanya kazi kwa miaka mingi katika kiwanda kimoja cha majani chai, mara nyingi zamu ya usiku. Mabomba ya mvuke, feni za kunyaushia majani, na mashine za kuyakata na kuyapondaponda zilinguruma tangu jioni hadi alfajiri. Huko hapakuwa na mtu aliyemsikia mwenziwe. Wafanyakazi walizungumza kwa vidole na kwa midomo: mtu alimsubiri mwenziwe ageuke, akamwonyesha neno. Mama aliyajua mazungumzo ya zamu nzima bila kusikia sauti ya mtu hata mmoja. Alipotoka kiwandani alitoka na ujuzi huo, na kwa miaka mingi ulimfichia hasara aliyoipata humo. Nyumbani, mezani, kanisani, popote alipouona uso wa mtu, alisikia.

Mambo mawili yalikuwa yamemshinda. La kwanza ni gari, ambamo mwana hutazama barabara na mama huona shavu lake tu. La pili ni barakoa. Korona ilipoingia Kenya mwezi Machi mwaka 2020, midomo yote ya wauguzi ilifunikwa, na muuguzi aliyesema "tarehe sita" alikuwa na kitambaa mdomoni.

Kanuni za Kenya za kudhibiti kelele mahali pa kazi zilitolewa mwaka 2005. Zinakataza mfanyakazi kukaa katika kelele inayozidi desibeli 90 kwa saa nane, na zinamtaka mwajiri atoe vizuia kelele vya masikio na kuwapima wafanyakazi usikivu wao. Mama alikuwa amekwisha kustaafu wakati huo. Daktari wa masikio aliyempima baadaye alionyesha mchoro ulioteremka kwa ghafla upande wa sauti za juu. Alisema hakuna awezaye kutenga ni kiasi gani kililetwa na mashine na ni kiasi gani kililetwa na umri, na kwamba kilichopotea hakirudi. Watoto walichanga, wakamnunulia kifaa cha kusaidia kusikia kwa sikio moja. Hukivaa kliniki na kanisani. Mvua ya mawe inapoanza kupiga paa la mabati hukivua na kukitia mfukoni, kwa kuwa kifaa hicho hukuza kila kitu, neno na kishindo pia.

Mwalimu naye ana desturi mpya. Tarehe ya kliniki huandikwa kwa tarakimu kubwa na kusomwa kwa sauti na wote wawili. Saa sita huitwa adhuhuri. Darasani, anapofika kwenye mada ya sauti za Kiswahili, huziandika "sita" na "tisa" ubaoni, akawataka wanafunzi wazitamke huku wamefunika midomo, kisha akawauliza ni mama wa nani angeweza kukosa dawa kwa ajili ya konsonanti mbili.

Sikio halilali njaa, walisema wahenga wale wale, wakimaanisha kuwa habari haiachi kulifikia. Sikio la mama huyu lilikuwa limelala njaa kwa miaka mingi, na waliokaa naye hawakujua kwa kuwa kila mahali palikuwa na kelele ya kusingizia. Mwalimu alidhani analitengeneza gari ili mamake amsikie yeye. Milango ilipoacha kuvuma, yeye ndiye aliyeanza kumsikia mamake.

Safari ya kila mwezi ingalipo. Mwalimu akiwa na neno la maana la kumwambia mamake, hategemei tena milango ile pekee. Hutafuta mahali pana kando ya barabara, aghalabu mbele kidogo ya Kapkatet, akaegesha gari na kuzima injini. Kisha humgeukia, akangoja hadi macho ya mama yatue mdomoni mwake, ndipo anaposema.